Staa wa Insta, Jina Kapuni, na Resi za Ngalawa Mafia

Dada mmoja wa mjini, jina kapuni, ana mafolowa kibao na siku zote hujitambulisha kama mtoto wa Masaki. Juzi kati alitua Mafia kwa ndege na mchumba wake mpya, wakafikia hotelini Utende, kwenye Ghuba ya Chole. Kesho yake kukawa na resi za ngalawa. Wageni wakawekewa viti chini ya mwavuli, dafu mkononi, simu hewani.

Kwa msioijua, ngalawa ni mtumbwi wa gogo, mara nyingi la mwembe, una mbao mbili za pembeni za kuuzuia usipinduke na tanga la pembe tatu. Kusi ikikaza, vijana wanapanda nje kabisa kuweka uzito. Raha yake acha tu!

Ngalawa ya tatu ikakata kona vibaya, tanga likachanika. Wageni wakacheka, mchumba akazidi, huku anarekodi. Nahodha, mzee wa kofia nyekundu, akashuka, maji kiunoni, akaanza kuivuta.

Dada akashusha simu. Kofia ile aliinunua yeye Kariakoo, akamtumia baba yake kwa boti ya Nyamisati.

"Bebi, vipi, unamjua?"

Hakujibu. Akavua viatu, akaingia majini na gauni lake la laki mbili, akashika kamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Zunguka nyuma usukume, kuna jiwe hapo."

Mchumba bado ameshikilia simu, inarekodi.