Ile video ya dawa ya hamu ya kula niliitoa, na hii ndiyo sababu

Wengi mmeniuliza ile video ya dawa ya watoto ya hamu ya kula ilienda wapi. Haikufungiwa. Niliitoa mwenyewe. Leo nawaeleza kwa nini, na nimeamua kuandika badala ya kuongea kwa kamera, kwa sababu kwa kamera huwa nacheka-cheka hata nikiwa na aibu.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana mwezi wa nane mtu alinitumia ujumbe. Ako na dawa ya maji ya watoto, chupa imechorwa mtoto mnono, mashavu kama mandazi. Anataka video ya sekunde 40: nishike chupa, niseme mtoto akikataa kula suluhisho ni hili. Malipo elfu nane. Mimi nakaa Kayole, chumba kimoja, kodi ni 6,500, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa ile sauti yao mnayoijua. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo hii simu ndiyo kazi yangu. Sikuuliza dawa ina nini ndani. Niliuliza pesa inaingia lini.

Video ilienda sana. Watu elfu 90 waliiona. Kodi ikalipwa, nikasahau.

Sasa, niko na dada yangu mkubwa, anakaa Umoja. Ni kibarua Industrial Area, kazi ya kupakia bidhaa. Saa kumi na moja asubuhi ashatoka nyumbani. Mpwa wangu anaachwa kwa mama mmoja pale ploti, anayelea watoto wa wenzake kwa shilingi 100 kwa siku. Dada yangu aliona ile video kama wengine wote. Hakunipigia kuniuliza. Alisema moyoni, kama ndugu yangu amesema, basi ni sawa. Akaenda kemisti akanunua chupa kwa 650. Hiyo ni zaidi ya anachopata kwa siku nzima.

Jumapili moja nikaenda kuwaona. Saa tano mtoto amelala kwa kiti. Saa saba bado amelala. Akaamshwa, akala, na kweli alikula, halafu akalala tena. Nikamuuliza dada, "Huyu siku hizi analala hivi?"

Akanijibu akiosha vyombo, "Tangu aanze ile dawa yako anakula, na analala vizuri. Hata yule mama anayemchunga amefurahi."

Ile dawa yako. Sikuwa na la kujibu.

Wiki hiyo hiyo mhudumu wa afya ya jamii akapita kwa ploti na ule utepe wao wa kupima mkono wa mtoto. Kama hujauona, ni utepe wenye rangi tatu, unazungushwa katikati ya mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani mtoto ameanza kukosa lishe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo hakuna kungoja kesho, ni hospitali. Mpwa wangu alikuwa na miezi 13. Utepe ukasoma 12.1. Njano. Mtoto anayekunywa dawa ya kumnenepesha!

Kesho yake dada akaomba ruhusa kazini, siku isiyo na malipo, tukaenda kliniki pamoja. Niliwasindikiza kwa sababu nilikuwa na deni ambalo hakuna mtu alikuwa amenidai.

Nesi alichukua chupa akaisoma nyuma, pale kwenye maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma hata na kamera mkononi.

"Hii nani aliwaandikia?"

Dada yangu akaniangalia. Nikasema, "Ni mimi, sista."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi hutengeneza video."

Hakucheka, na hakunigombeza. Alituonyesha neno moja: cyproheptadine. Akasema hiyo si vitamini. Ni dawa ya aleji, ya mtu anayewashwa au kupiga chafya. Inaleta usingizi, na moja ya athari zake nyingine ni kumfanya mtu ahisi njaa. Ndiyo maana kuna wanaoichanganya na vitamini kidogo na kuiuza kama dawa ya hamu ya kula. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili usalama wake haujathibitishwa. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kumwandikia mgonjwa fulani, lakini hiyo ni kazi ya daktari aliyempima mtoto, si yangu. Halafu ukiiacha, ile njaa ya dawa huisha, unabaki pale pale ulipokuwa.

Kumbe ule usingizi ambao sote tuliufurahia haukuwa wa shibe. Ilikuwa dawa.

Baadaye nikajifunza pia kwamba hapa Kenya huwezi tu kuamka na kutangazia umma dawa. Tangazo linatakiwa kupata idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Aliyenilipa hakuniambia hilo, na mimi sikuwa nimeuliza chochote.

Nesi akafungua kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwenye ukurasa wa mchoro wa uzito. Kila mzazi Eastlands ako nacho, wengi tunakichukulia kama kitabu cha chanjo tu. Mstari wa mpwa wangu ulipanda vizuri hadi miezi sita, wakati alikuwa ananyonya tu. Halafu kuanzia miezi saba ukalala kama barabara. Kilo 7.9. Nesi hakuuliza mtoto ana hamu ama hana. Aliuliza, "Anakula nini, saa ngapi, na nani anamlisha?"

Majibu yakatoka polepole. Asubuhi uji kwa flaski. Mchana ule ule uji. Saa kumi chai na mkate. Usiku ugali na mchuzi wa sukuma, kama hajalala kabla mama afike. Uji wenyewe unatengenezwa mwepesi ili upite kwa chupa, kwa sababu yule mama ana watoto 14 kwa chumba kimoja na mikono miwili. Hawezi kumlisha kila mmoja kwa kijiko.

Hapo nesi akatueleza kitu sijawahi kusahau. Tumbo la mtoto mdogo hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, ni kikombe kimoja hivi. Ukijaza hicho kikombe na uji wa maji, umejaza maji. Mtoto ameshiba, anakataa chakula kingine, wewe unasema hana hamu, unakimbilia kemisti. Uji wa mtoto unafaa kuwa mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Chai nayo inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa chakula, na chuma ndicho mtoto anakihitaji sana baada ya miezi sita, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha.

Kwa hivyo mpwa wangu hakuwa na shida ya hamu hata siku moja. Alikuwa anashibishwa maji.

Wacha niseme maoni yangu sasa, maana najua mtasema nimekuwa mhubiri.

Sisemi virutubisho vya watoto ni uongo. Vingine ni vya maana sana, na kinachoniuma ni kwamba vile vya maana ni vya bure na havina mtu wa kuvitengenezea video. Vitamini A inatolewa kwenye kliniki za serikali kuanzia miezi sita, kila baada ya miezi sita, hadi mtoto afike miaka mitano. Ni kile kidonge laini kinachokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni, cha bluu kabla ya mwaka mmoja, chekundu baada ya hapo. Mwezi wa tano na wa kumi na moja kuna kampeni za Malezi Bora, wanakuja hadi mtaani na kwa shule za chekechea. Dawa ya minyoo huanza mtoto akifika mwaka mmoja. Mpwa wangu alikuwa amekosa vitamini A ya mwaka mmoja, huku tukimnunulia chupa ya 650. Hebu fikiria.

Kuna pia vile vipakiti vya unga wa vitamini na madini vya kunyunyizia chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23. Uliza kama kliniki yenu inavyo. Kuna matone ya chuma, lakini hayo ni ya kuandikiwa, kwa kipimo, na yakae juu kabisa kabatini, kwa sababu chuma nyingi inaweza kuua mtoto. Vitamini A nayo ikizidi ni sumu. Kwa hivyo ile tabia ya kuongeza kijiko "ili ifanye kazi haraka" tuache. Na ule siagi wa njugu wa kwenye pakiti, wa watoto walio kwenye nyekundu, ni matibabu. Nimeona watoto wazima wakiufyonza mtaani kama peremende. Kila pakiti ni kalori 500 ambazo mtoto fulani mgonjwa alikuwa anazingoja.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Mashosho wetu wanapenda kutupa glukosi na maji ya tumbo kwa mdomo wa mtoto wa wiki mbili, na wanafanya kwa upendo, lakini mwambie shosho kwa heshima kwamba kliniki imekataa.

Kuhusu wazazi. Usinisome ukadhani nalaumu dada yangu, au yule mama wa watoto 14. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja na kurudi saa mbili usiku, chupa ya 650 si ujinga. Ni njia ya mtu aliyechoka kusema nimefanya kitu kwa mtoto wangu. Sisi tunaouza tunalijua hilo. Tunajua mama ana wasiwasi, na tunauza hapo hapo. Nchi hii ilipitisha sheria mwaka wa 2012 kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, kwa sababu ilionekana mzazi mwenye hofu ni rahisi kumshika. Lakini mimi na simu yangu na taa ya duara ya elfu moja tumepita katikati.

Sasa tulifanya nini? Hakuna muujiza. Chupa ya dawa iliachwa kliniki. Uji ulifanywa mzito, wa wimbi, na unachanganywa na omena iliyokaushwa ikasagwa, ama yai. Omena ya 50 pale sokoni Mutindwa inaenda karibu wiki nzima kwa mtoto mmoja. Parachichi likiwa 20, anapondewa nusu. Chai ikaondolewa. Dada ananyonyesha asubuhi kabla ya kutoka na usiku akirudi, kwa sababu nesi alisema aendelee hadi miaka miwili. Kulisha kwa kijiko ndiko kulikuwa kugumu. Mwishowe tulikubaliana na yule mama nimpe shilingi 50 zaidi kwa siku, na mimi siku ambazo sina kazi, ambazo ni nyingi, naenda saa sita kumlisha mwenyewe. Nimejua mambo. Mtoto anakula dakika 25, na nusu inabaki kwa shati lako.

Ana miezi 17 sasa. Kilo 8.9. Utepe ukasoma 12.8, kijani. Mstari kwenye kitabu umeanza kupanda, bado uko chini lakini unapanda. Na mchana yuko macho, anavuta waya za chaja yangu.

Yule wa dawa nilimwandikia kwamba natoa video. Akataka pesa yake. Nimerudisha elfu tatu, halafu akanyamaza. Zile elfu tano bado ziko kwa roho yangu. Lakini kinachonisumbua zaidi ni wale elfu 90. Dada yangu nilimwona kwa macho. Hao wengine sijui ni watoto wangapi wamelala mchana kwa sababu ya sauti yangu.

Kwa hivyo, kama ulinunua ile dawa kwa sababu yangu, nisamehe. Beba chupa, beba kitabu cha kliniki, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie nesi apime uzito, apime mkono, asome nyuma ya chupa. Muulize vitamini A ya mwisho ilikuwa lini. Akikuuliza nani alikuandikia, mwambie ni kijana mmoja wa Kayole anayetengeneza video, na kwamba amesema alikosea.