Kizunguzungu Kisikufanye Utupe Vidonge

Huenda nyumbani kwako mna mtu anayemeza dawa za kifafa. Unamwona akisinzia mezani au akipepesuka akienda bafuni, nawe waanza kunong'ona: "Dawa hizi zitammaliza."

Mimi nimemeza kabamazepini kwa miaka tisa, hivyo najua uzito wa maneno hayo. Mwezi wa kwanza dunia ilinizunguka. Nikiinuka kitandani ghafla, sharti nishike ukuta. Namba ya matatu niliiona mbili mbili. Jioni moja nikishuka kituoni, makanga alitangazia abiria kwamba nimelewa. Yaliniuma mno.

Hata hivyo sikuvitupa vidonge, wala wewe usivitupe. Kukatiza dawa hizi ghafla kwaweza kukuletea kifafa cha mfululizo kisichokoma, nacho huua.

Nilichofanya ni kununua daftari dogo. Nikaandika saa niliyomeza dawa, saa kizunguzungu kilipoanza na kama nilikuwa nimekula. Daktari alipolisoma, aligundua kuwa kinanijia saa chache baada ya kumeza, dawa inapojaa damuni. Akagawa kipimo kile kile kwa mafungu madogo, nimeze baada ya chakula. Baada ya majuma machache nilitembea bila kushika ukuta.

Kila dawa ina visa vyake. Fenobabitoni, inayotumiwa tangu 1912, huleta usingizi. Fenitoini yaweza kufurisha ufizi, kwa hivyo usisahau mswaki. Valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetarajia kuzaa azungumze na daktari mapema, kabla ya kushika mimba. Na ukipewa dawa za kifua kikuu au za Ukimwi, taja kwamba unameza pia za kifafa, kwani baadhi hazipatani.

Ukitokwa na vipele, ukitapika mfululizo au ukishindwa kusimama, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Nanyi jamaa, mwandalieni mgonjwa chakula kwa wakati. Msimtume kupanda ngazi wala kuepua sufuria ya moto akiwa na kizunguzungu. Akiwaambia kichwa chamzunguka, msimwambie anajidekeza. Mleteeni kiti, kisha mleteeni daftari.