Mtunga Vikuba wa Kibokoni

"Nyanya, haya mambo ya mashoga yameletwa na Wazungu. Kwetu hayakuwapo." Mjukuu wangu aliyasema haya huku ameegemea ukuta wenye picha ya harusi ya dadangu, na pichani, nyuma ya bibi harusi, yumo mwanamume ambaye mtaa wetu wote wa Kibokoni, Mombasa, ulimjua.

Cheti cha ndoa kinasema 1972. Mimi ningesema kabla ya hapo, lakini haidhuru. Siku hizo harusi haikupangwa bila yeye. Alasiri alikuja na pakacha la asmini ambazo hazijafunguka, akaketi mkekani na wanawake kutunga vikuba, asmini kwa rihani, huku akimwaga siri za nyumba tatu jirani. Usiku wa vugo alijifunga leso kama sisi, akagonga pembe, na mafumbo yake yaliwafanya mama wakubwa wafunike nyuso kwa kicheko. Chumba cha bibi harusi kilichofukizwa udi, asichothubutu kukanyaga mume wa mtu, yeye aliingia bila hodi.

Sisemi aliheshimiwa. Watoto walimzomea, tena wengine walitumwa na baba zao. Marehemu mama alimpakulia pilau sahani ya kwanza, na akishaondoka alimwombea Mungu amwongoe. Ila hakuna aliyemfukuza. Sheria tuliyoachiwa na Mwingereza, ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa wanaume wanaolala pamoja, ilikuwapo. Mtaani kwetu sikusikia ikitajwa. Alipofariki alioshwa, akasaliwa, akazikwa, na hitima ikasomwa.

Halafu ukaja ukimwi, na hofu ikatafuta wa kulaumiwa. Februari 2010, kule Mtwapa, umati ulivamia kituo cha afya kwa uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliiacha sheria ile ya Mwingereza kama ilivyo. 2023 Mahakama ya Juu ikasema chama cha mashoga kina haki ya kusajiliwa, na Mombasa watu wakaandamana. Harusi nazo zimehamia kumbini, maua ni ya plastiki, mpambaji anadai nusu ya pesa kabla hajafungua mkoba.

Wanawake wa rika langu mliokaa naye mkeka mmoja, mbona mmenyamaza? Waambieni wajukuu zenu. Wamkubali au wamkatae, hilo ni shauri lao. Kusema hakuwapo ni uongo, na sisi ndio mashahidi.