Mkumbara: Ligi Yangu Ilipoishia

Kama umewahi kwenda Moshi kwa barabara, Mkumbara umeipita. Ni pale ukishaiacha Mombo: kulia Milima ya Usambara, mashamba ya mkonge, joto la kukausha koo. Enzi za Mjerumani mbao za Shume zilishushwa hapa kwa waya wa angani, zikapandishwa treni ya Tanga.

Mimi nilikuja na Mark II, injini 1JZ-GTE ya lita 2.5, tabo, farasi 280 toka kiwandani. Nimeshusha springi, nimebadili eksozi na, nisiwafiche, hela ya makochi imeishia humo.

Jamaa akanipita. Nikaanza ligi. Mchumba wangu kimya, kashika mkanda. Mara paa! Moshi mweusi, nguvu hakuna. Mpira wa tabo umechomoka.

Tukajikongoja hadi chini ya mti. Mbele yetu watoto wa shule wakavuka barabara. Nikanyamaza. Mwendo ukizidi mara mbili, gari linataka karibu mara nne ya umbali ili lisimame.

"Gari lako nalipenda," akasema. "Ila kwenye ligi zako mimi nani, mwenzio au mzigo?"

Kubana klipu kwa bisibisi ilikuwa dakika kumi. Jibu lake nililitafuta hadi Same.

Mbio za mita 402 zina mahali pake: njia iliyofungwa, helmeti, gari la wagonjwa pembeni. Kijijini ni 50. Msomaji, kabla hujakanyaga mafuta, mtazame kwanza aliyekaa kushoto kwako.