Mshika Kamba

Mtoto wa ami yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishika kamba. Alikuwa mchezaji mpira wa mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, mwepesi, lakini hakujua kwamba kukimbia na asiyeona kuna namna yake. Siku za mwanzo pale Mnazi Mmoja alinikokota tu, na bega likaniuma hadi nikawa siwezi kuinua ndoo.

Macho yangu yalikwenda na surua kabla sijaanza skuli. Mji Mkongwe niliujua kwa mabaraza yake, kwa upepo unaoingia uchochoro unapofunguka baharini, na kwa sauti za mahamali wa mikokoteni wakipiga "habedari!" Unaweza kuishi humo ukaufahamu mji wote, lakini kukimbia haiwezekani. Mbio nilizionja Jambiani, kwao bimkubwa. Bamvua likipwa, bahari hurudi mbali sana na mchanga hubaki mgumu. Ndugu yangu mmoja alisimama mbele akipiga makofi, nami nikamfuata kwa kasi yangu yote, mikono mitupu. Vijiti vya mwani walivyopanda kinamama tulivikwepa kwa kukaa upande wa nchi kavu. Hadi leo sijapata raha iliyoishinda ile.

Mwaka 2000 redio ikatuletea habari za Henry Wanyoike wa Kenya. Mwaka 1995 alilala usiku anaona, akaamka haoni. Kiharusi kilimchukulia macho. Miaka mitano baadaye akashinda dhahabu ya mita 5000 kwenye Paralimpiki ya Sydney, na kiongozi wake aliishiwa nguvu mwishoni, ikawa Wanyoike ndiye anayemvuta mwenzake hadi kwenye mstari. Nyumbani walilisimulia jambo hilo kama kioja. Mimi nililichukua vingine: kumbe mtu anaweza kuwa na nguvu za dhahabu mwilini, na ushindi wake bado ukawa mapafuni mwa mtu mwengine.

Mita 5000 hazikuwa zangu. Mimi nilikuwa wa mita 100, na huko mshika kamba ana kazi ngumu zaidi. Mikono ya ndani, iliyoungwa kwa kamba fupi, lazima iende mbele na kurudi nyuma pamoja, kwa hiyo miguu ya ndani nayo huenda pamoja, na ya nje vilevile. Akikosea hatua moja, kamba inakaza na mwili wako unapinda. Haruhusiwi kukuvuta wala kukusukuma. Mwishoni wewe ndiwe unayetangulia kwenye mstari, naye nyuma yako; akitangulia yeye, mmeharibu. Katika daraja la T11, la wasioona, kila mkimbiaji hufungwa kitambaa au huvaa miwani isiyopitisha mwanga, hata asiyeona kabisa, ili mwenye kubakiwa na chembe ya mwanga asipate faida. Kila jozi hupewa njia mbili, kwa hiyo uwanja wa njia nane hukimbiza jozi nne tu.

Tulijifunza hayo kidogo kidogo, kwa kipande cha kamba ya mwani tulichokifunga vitanzi viwili. Alfajiri, kabla jua halijapanda, tulitembea kwanza, kisha tukachapuka, kisha tukakimbia. Alihesabu kwa sauti, akaniambia "nyooka" nikianza kwenda upande, na "kifua" tukikaribia mwisho. Baada ya miezi sikuhitaji tena maneno. Kamba ilisema yote.

Kisha nikamzidi. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu hilo. Mshika kamba lazima awe na kasi zaidi kuliko anayemshika, maana yeye anakimbia mkono mmoja hauko huru, huku anatazama njia na anasema. Mmarekani David Brown, asiyeona aliyeshinda mita 100 za T11 huko Rio mwaka 2016 kwa sekunde 10.99, alishikwa kamba na Jerome Avery, mkimbiaji kamili yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa na binamu aliyefika mazoezini na kikohozi cha vumbi la kazi ya ujenzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, tumekaa nje ya uwanja wa Amaan: "Ndugu yangu, sasa nakurudisha nyuma. Tafuta mwengine." Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Waliofuata walikuwa wazuri, nao waliondoka. Mmoja aliingia kikosini, mmoja alipata kazi hoteli Nungwi. Siwalaumu, hapakuwa na senti ya kuwalipa, na kijana mwenye kasi hapa kisiwani ana watu wengi wanaomtaka.

Mara moja nilivuka kwenda Dar es Salaam kwa mashindano na mshika kamba wangu akazuiliwa kazini dakika ya mwisho. Wenyeji wakanitafutia kijana wa huko. Alikuwa na adabu, alinisalimia vizuri, tena alikuwa na kasi kweli. Tulisimama kwenye mstari baada ya kujuana robo saa. Bunduki ilipolia mwili wangu ulikataa. Miguu ilitaka kwenda, lakini kila hatua ilisubiri kuulizwa, na nilimaliza wa mwisho hali pumzi imebaki nyingi kifuani. Walionitazama jukwaani waliona kipofu mzito. Mimi nilijua nilivyokuwa mwepesi.

Paralimpiki sikufika. Tanzania ilianza kushiriki mwaka 1992, Barcelona, na ninaamini kabisa kwamba hapa Unguja wamepita wasioona wenye miguu ya kufika huko, ambao hawakuwahi kupata wa kuwaambia "nyooka". Tukizungumza juu ya michezo ya watu wenye ulemavu, huhesabiwa viatu, nauli na sare. Mshika kamba hahesabiwi. Anatarajiwa atokee kwa huruma, kama mtu wa kukuvusha barabara, wakati yeye naye anahitaji kula, kufundishwa na kupewa miaka.

Siku hizi wazazi huniletea watoto wao wasioona niwafundishe. Kabla sijamgusa mtoto miguu, namuuliza amekuja na nani. Akisema yuko peke yake, nampa wiki mbili amtafute mwenzake, na huyo mwenzake ndiye ninayeanza naye: namfunga kitambaa machoni, namshika kamba, namkimbiza.