Jina la Mtu Lisigeuzwe

Jioni moja mjukuu wangu, ambaye anasoma sekondari hapa Salamabila, alinijia barazani na daftari lake la Kiingereza. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Mwalimu aliwapa kazi ya kuandika habari za nchi iliyotawaliwa na askari. Yeye alichagua Korea ya Kusini na Jenerali Park Chung-hee. Mwanzoni aliandika jina zima, kisha kila mahali akamwita kwa Kiingereza Rais Chung-hee. Mwalimu akapiga mstari mwekundu mara saba.

“Babu,” akaniuliza, “nimekosa nini? Katika Kiingereza huandikwa John Kennedy, na watu husema Rais Kennedy. Jina la mwisho ndilo la ukoo.”

Nikamwambia alete karatasi yake ya shule. “Soma. Limeandikwa jina lako, linafuata la pili, na la ubatizo liko mwisho. Mgeni akishika lile la mwisho, akadhani ni la ukoo, atakuita Bwana Petro. Utafurahi?” Akacheka.

Ndivyo ilivyo kwa Wakorea. Wao hutanguliza jina la ukoo. Park ni ukoo. Chung-hee ni jina alilopewa mtoto. Binti yake, Park Geun-hye, alitawala nchi hiyo tangu 2013 hata 2017, nawe waona baba na binti wameshirikiana neno Park. Basi hata katika Kiingereza husemwa Rais Park, au jina zima bila kuligeuza. Lakini rais wao wa kwanza, Syngman Rhee, alipoandika kwa Kiingereza aliliweka mwenyewe jina la ukoo mwishoni. Huyo huitwa Rais Rhee. Kanuni ni moja: tazama mwenyewe anajiitaje, umwite hivyo.

Kijana akanyamaza kidogo. Halafu akasema: “Lakini Babu, mtu huyu alinyakua serikali kwa bunduki mwaka 1961. Oktoba 1972 akavunja bunge, akajitengenezea katiba ya kutawala bila kikomo. Kwa nini tujisumbue kumpa jina lake sawasawa?”

Swali hilo lilinichoma, maana mwaka huohuo wa 1972 mtawala wetu wa kijeshi alituondolea majina yetu.

Vijana hawakuyaona mambo hayo. Joseph-Désiré Mobutu alitwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965. Oktoba 1971 akaiita nchi Zaire. Mwanzoni mwa 1972 akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kubadili jina lake ilikuwa haki yake. Lakini alitaka raia wote waache majina ya kigeni, na mapadri wakatishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina la namna hiyo. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga, alinyang'anywa nyumba yake, akaenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mwalimu alichukua rula, akafuta Yosefu katika daftari la kuitia majina. Likabaki jina la babu yangu, nalo ni jina zuri, silionei haya. Lakini siku ya tatu rafiki yangu aliniita Yosefu uwanjani, nami nikaitika kwa mazoea. Tulichapwa sote wawili. Jioni, penye moto, mama aliniita Yosefu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha chakula siku ya njaa.

Nilikua na uchungu huo. Nilipokuwa kijana nilijifanyia kisasi: tulipokuwa peke yetu mimi na wenzangu, sikumwita mtawala ila Joseph tu, kwa dharau, nao walicheka sana. Siku moja katekista mzee alinisikia. Hakunigombeza. Alisema: “Mwanangu, aliyekufanyia hivyo unamchukia. Mbona nawe unajifunza kazi yake?” Nilikosa jibu, na hata leo sina.

Nikamweleza mjukuu wangu na jambo jingine. Wakati Wajapani walipoitawala Korea, tangu 1940 waliwasukuma Wakorea kuchukua majina ya Kijapani. Park mwenyewe, akiwa askari kijana, aliitwa Takagi Masao. Baadaye akarudia jina lake. Lakini aliyeonja geuzo la jina hakujifunza huruma kwa hiyo. Mwaka 1974 serikali yake ilimfunga Askofu Daniel Tji Hak-soun wa Wonju, naye akatoka Februari 1975. Angalia hapo tena: jina la ukoo wake ni Tji, basi huitwa Askofu Tji.

“Sasa,” nikamwambia, “mtu akisimama mbele ya baraza la wazee kumshitaki jirani, humtaja kwa jina gani?”

“La kweli, Babu.”

“Naam. Akilikosea, shitaka lake linaanguka. Kuandika jina sawasawa si kumsifu mwenye jina. Sifa na lawama hutokana na matendo, nayo utayaandika chini yake. Jina ni kweli ya kwanza; ukianza na uwongo, nani atasadiki yanayofuata?”

Mobutu aliregeza amri zake mwezi wa Aprili 1990, nasi tukayatamka tena majina yetu ya ubatizo mchana. Yeye alikufa Rabat, Moroko, Septemba 1997. Leo karatasi ya mjukuu wangu ina jina la ukoo na la ubatizo pamoja, wala hakuna linalomfukuza mwenzake.

Usiku ule, kwa taa, kijana aliandika kazi yake upya. Palipokuwa Chung-hee akaweka Park. Habari ya bunduki, ya bunge lililovunjwa na ya askofu aliyefungwa aliiacha yote, hakupunguza neno.

Nanyi, wazazi, mnapopeleka mtoto abatizwe au aandikwe shuleni, msimwachie karani kukisia. Mtajieni jina polepole, kisha mtazame alivyoandika. Na mkikutana na mgeni, mwulizeni kwanza anaitwaje.