Rangi ya Sakafu: Siku Tatu za Kitale na Bungoma

Kwetu pwani mguu hutafuta baridi ya sakafu. Kitale mguu hutafuta joto. Mji huo umekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mashariki ya Mlima Elgon, na alfajiri ya kwanza tulipoamka kuswali nyumbani kwa mpwa wetu tuliona sababu ya watu wa huko kutandika mbao vyumbani.

Mpwa wetu ni mzaliwa wa Mombasa, ameolewa huko bara. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kupigilia mbao: sebuleni za mkaratusi, chumba cha watoto za saipresi. Ilibaki rangi, ile ya kunywesha mbao ambayo mafundi huiita steini. Yeye aliitaka nyeusi, ifanane na milango ya kuchonga ya Mji wa Kale aliyokulia. Mumewe aliitaka ya asali. Fedha iliyobaki ilitosha kazi moja tu, na maneno yalikwisha kuanza kuwa makali. Ndipo tukaombwa tufuatane nao.

Duka la kwanza tulilolipitia, muuzaji alitandaza kadi ya rangi mezani akasema, “Chagueni.” Alipoona mpwa wetu anagusa ile iliyokolea, akaongeza kwamba steini hiyo ingefanya mbao zao zionekane mvule, wala mgeni asingejua. Mpwa wetu alitabasamu. Sisi tulinyamaza, lakini neno lile halikutukaa vyema.

Siku ya pili tulishika njia ya Kiminini na Webuye hadi Bungoma, kwa fundi mzee tuliyeelekezwa na jirani. Njiani magogo ya mkaratusi yalikuwa yamelazwa kando ya mashamba. Tangu Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa miaka kadhaa, wengi walizidi kuitegemea miti ya mashambani. Mvule na loliondo vimekuwa vitu vya kutamaniwa, na penye kutamaniwa hapakosi wa kughushi.

Yule mzee hakutoa kadi. Alituuliza maswali: Dirisha la sebule linatazama wapi? Watoto wangapi? Maji ya udhu hutiwa wapi, na mtu hupita wapi na miguu mibichi? Nani hufagia? Kisha akaomba vipande vilivyobaki vya mbao zile zile. Alikuwa ametuagiza kwa simu tuvibebe.

Alivipiga msasa kwa kufuata nyuzi, akavifuta vumbi, akapaka rangi tatu na kufuta ziada kwa kitambaa. Ilipokauka, nusu ya kila kipande akakipaka vanishi, maana vanishi hubadili rangi, na sakafu huishi na vanishi yake. Mkaratusi ulizipokea zote sawasawa, ila wekundu wake ulichungulia chini ya kila rangi. Saipresi, kwa kuwa ni laini, ilinywa pengine sana na pengine kidogo. Ile nyeusi ikatoka mabaka kama nguo iliyofuliwa vibaya.

“Mama,” alimwambia mpwa wetu, “nyeusi ni nzuri, lakini vumbi la huku litaandika juu yake kila adhuhuri, na kila mkwaruzo wa kiti utaonekana.” Mpwa wetu akamweleza habari ya mvule. Mzee akaweka brashi chini. “Rangi ni nguo, haigeuzi mwili. Nikiupaka mkaratusi ukaitwa mvule, na kesho mkaiuza nyumba kwa jina hilo, uongo utakuwa umeanzia mkononi mwangu.” Akaeleza kwamba mvule hasa ana tabia zake: huanza wa manjano, kisha hukolea kwa mwanga, hata ukiinua zulia la miaka mingi waona umbo lake sakafuni.

Hakutaka tuamue palepale. Tulirudi na vipande Kitale tukavilaza sakafuni, tukavitazama asubuhi, mchana, na usiku chini ya taa. Ile ya asali mchana ilipendeza, usiku ikawa ya machungwa. Ile nyeusi ilikifanya chumba kionekane kimepungua. Ilibaki ya kati, kahawia, ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba. Mume ndiye aliyeinyooshea kidole kwanza, mkewe alikaa kitambo, kisha akasema, “Basi milango nitaikuta nikija nyumbani.” Chumba cha watoto wakakiacha na vanishi tupu.

Kwa dada zetu wenye kazi kama hii, tumejifunza haya. Usichague rangi kwa kadi. Ijaribu juu ya mbao yako, pamoja na vanishi, ndani ya chumba chako. Mwambie fundi maji hupita wapi, apaziibe vizuri. Na umwulize jina la mbao kabla ya jina la rangi. Atakayesitasita, muage kwa wema.

Tuliondoka Kitale sebule ikiwa imefungwa, harufu ya vanishi imejaa ukumbi. Fundi alikataza hata mkeka kutandikwa mpaka ikauke kabisa, na watoto walikuwa mlangoni wakichungulia, kila mmoja akimzuia mwenziwe.